Muziki wa Mtu Anayeondoka Bila Kuaga

Jumapili, 5 Januari

Kaunta buku hili lilikuja dukani, pale ninapofanya kazi ya kutoa kopi, kurasa zimekatwa upande. Bosi akasema halina mnunuzi, nikalichukua. Nitaandika humu muziki ninaouweka kila Jumapili, nisije nikarudia vitu vilevile kama mwaka jana, maana Edith alifikia hatua ya kusema, "Kikianza kile kinanda najua sasa anakufa mtu."

Kwa atakayeliokota na kushangaa, tuko wanne. Tunakutana baada ya chakula cha mchana kwenye chumba cha nyuma cha Tito, fundi simu, karibu na soko, kucheza mchezo wa kutunga hadithi kwa mdomo. Tuntufye, afisa mifugo aliyehamishiwa hapa Sumbawanga kutoka Mbeya, ndiye msimulizi. Anasema mko wapi, mbele yenu kuna nini, na nani anawajia. Tito na Edith kila mmoja ana mtu wake wa kubuni. Wa Tito ni mfanyabiashara wa magendo asiyejua aibu. Wa Edith, ambaye kwa kazi yake halisi ni fundi cherehani, ni mganga wa mifupa. Wakitaka kufanya jambo la hatari wanarusha dadu tulizozitoa kwenye ludo. Mchezo wenyewe hatukuununua popote. Sheria tumezitunga sisi, na nchi nzima tumeichora nyuma ya kalenda ya zamani.

Mimi sina mtu wa kubuni. Kazi yangu ni muziki. Hukaa nimewapa mgongo, uso ukutani, simu mkononi na spika mbele yangu. Niliomba mwenyewe kukaa hivyo. Nikiona nyuso zao naanza kuwafurahisha wao, lakini nikisikia sauti peke yake naifuata hadithi.

Leo mvua imenipa somo. Chumba cha Tito hakina dari, bati tupu. Ngoma zote nilizoandaa kwa ajili ya vita zilimezwa na mvua hata dadu zilikuwa hazisikiki. Filimbi peke yake ndiyo iliyopenya. Kuanzia sasa mpaka Aprili ni filimbi na sauti za juu, ngoma nazitunza hadi kiangazi.

Jumanne, 7 Januari

Mvua. Mama kashinda shambani anapalilia mahindi. Mimi nimeshinda natoa kopi.

Jumapili, 12 Januari

Kosa langu, naliandika ili lisijirudie: niliweka wimbo wenye maneno. Mtu wa Tito amechomwa kisu, Tuntufye ameshusha sauti, chumba kimetulia, halafu Tito mwenyewe, maiti, akaanza kuitikia kiitikio huku anapiga meza. Edith alicheka hadi akamwaga chai kwenye ramani, na sasa nchi yetu ina ziwa ambalo halikuwapo.

Kwa hiyo hakuna maneno. Nimeweka badala yake ile sauti aliyonirekodia Tito alipokwenda Kasesya kufuata vioo vya simu: malori yanayongoja kuvuka mpaka, injini zinanguruma taratibu, hakuna anayesogea. Niliiweka chini kabisa walipokuwa wanasubiri hukumu. Tuntufye akanyamaza katikati ya sentensi kuisikiliza.

Jumapili, 19 Januari

Siku njema. Mwishoni Tuntufye alisema mbele ya wote, "Jamani, mimi nasema maneno tu. Anayewafanya muamini ni Redempta." Nimeyaandika kama alivyoyasema. Nina miaka ishirini na saba na sikumbuki mara ya mwisho mtu kuisifu kazi niliyoifanya kwa kichwa changu.

Jumatano, 22 Januari

Umeme hakuna. Kopi hakuna. Nimekaa.

Jumapili, 2 Februari

Sikwenda kwenye mchezo.

Leo ni siku ya watawa. Masista walikuja mjini kutoka nyumba zao zote, wakaingia kanisani kwa maandamano na mishumaa. Sista Kalista alikuwa katikati ya mstari, amekonda kidogo. Baada ya misa alitujia moja kwa moja pale nje, akanyoosha mkono.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mama Redempta."

Mama huitikia hata salamu ya mlevi. Leo hakuitikia "Milele amina"; aliufunga mkoba wake, akampita. Mkono wa Sista Kalista ulibaki hewani, kisha akauingiza ndani ya mkono wa kanzu yake. Aliniangalia. Nikainama kufunga kiatu kisicho na kamba.

Hii ni mara ya tatu, kila mwaka siku hii, na kila mwaka naapa kwamba nitasema. Niandike basi, angalau humu. Nilikaa nyumba ya malezi ya masista, upande wa Kaengesa, miaka minne. Zilipobaki wiki mbili niweke nadhiri za kwanza, niliondoka. Hakuna aliyenifukuza. Sikuwa na mwanamume, sikugombana na mtu, sikuumwa. Niliamka nikajua kwamba siutaki utawa, na kwamba nilikuwa nauigiza vizuri mno hadi kila mtu ameamini. Sista Kalista, mlezi wetu, alilia, lakini alinibebea sanduku mpaka kituoni kwenye gari. Nyumbani nikamkuta Mama ameshaalika ukoo mzima kwa ajili ya nadhiri, na ulezi wa pombe ameshauloweka. Nikashindwa. Nikasema nimerudishwa kwa sababu ya vidonda vya tumbo, na kwamba Sista Kalista ndiye aliyeamua.

Tangu siku hiyo Mama ana mtu wa kumchukia, na anamchukia kwa niaba yangu.

Alhamisi, 6 Februari

Nimemwambia Tuntufye.

Alikuja dukani kutoa kopi za fomu za chanjo ya ng'ombe, mvua ikamfungia. Tulikuwa wawili, tunasikiliza vipande vya Jumapili kwenye simu yangu, akaniuliza, "Jumapili ulikuwa wapi? Umekuwa na sura ya msiba." Nikamwaga yote. Sanduku, gari, vidonda vya tumbo, mkono wa Sista Kalista hewani. Hata swali aliloniuliza Sista pale kituoni, na nilivyomjibu, nilimwambia.

Nilimchagua kwa hesabu zangu, sikuropoka. Tuntufye ni mtu wa Mbeya, Mmoraviani, si Mkatoliki kama sisi. Hana jumuiya hapa, hana shangazi kwenye kamati ya parokia, hajui mama wa nani ni nani. Siri ikiingia kwake, nilijiambia, haina pa kutokea. Alinisikiliza bila kunikatiza, akasema, "Pole sana, dada yangu. Umeubeba mzigo." Nilirudi nyumbani mwepesi, nikala vipande viwili vya ugali juu ya kawaida yangu. Mama akauliza kama tumbo limepona.

Jumatatu, 10 Februari

Ujumbe wa Tuntufye: "Naandaa sura kubwa ya mchezo, tarehe 23. Nitafutie muziki wa mtu anayeondoka bila kuaga. Mwanamke. Asubuhi, umande. Usiwe wa kilio. Anaondoka huku anapumua."

Hiyo ndiyo kazi ninayoipenda. Wengine wangesema tu "weka kitu cha huzuni."

Jumatano, 12 Februari

Nimejaribu vipande sita. Violini inalia, sitaki. Gitaa linamfanya aonekane anakwenda dansini.

Jumamosi, 15 Februari

Nimeupata, na haukuwa kwenye simu.

Sista Kalista alikuwa na tuni aliyoiimba kwa pua akichambua maharage. Haina maneno, haina jina, na sidhani kama alijua anaiimba. Inapanda hatua tatu, inasita, inashuka mbili, halafu inaanza upya kabla hujaona imeisha. Leo nimemwomba mwalimu wa kwaya ufunguo, nikakaa kwenye kinanda cha kanisa saa nzima nikiitafuta. Nimeipiga kwa mkono mmoja, polepole, juu kabisa ambako mvua haiifikii. Nimeirekodi mara nane. Ya saba ndiyo nzuri, kuna ndege dirishani mwanzoni na nimemwacha.

Nikamtumia Tuntufye. Akajibu, "Ni hii hii. Umejuaje?"

Nimefurahi kama mjinga.

Jumanne, 18 Februari

Mvua ya mawe. Maharage ya Mama yamelala chini.

Jumapili, 23 Februari

Naandika na nguo mbichi bado mwilini.

Tulianza saa nane. Hali ya hewa ilikuwa kavu, mawingu tu. Tito na Edith walikuwa wanavuka milima kwenye ramani, wamechoka, wakafika kwenye nyumba kubwa yenye ua. Tuntufye akasema, "Humu wanaishi wanawake waliojiwekea ahadi. Lango linafunguka. Mmejificha nyuma ya kichaka. Anatoka msichana, ana sanduku lililofungwa kamba." Akanigonga bega kidogo, ishara yetu. Nikaanzisha kinanda.

Tuni ilikaa mahali pake. Sikia, najua kazi yangu: chumba kizima kilitega masikio. Tito, ambaye hawezi kukaa dakika bila utani, alinyamaza. Nilikuwa naangalia ukuta nikitabasamu.

"Nyuma yake anakuja mama mtu mzima, amevaa kama wale wa humo ndani. Analichukua sanduku, analibeba yeye. Wanatembea kwenye umande. Hawasemi. Wakifika barabarani yule mkubwa anamuuliza, 'Utamwambia nini mama yako?'"

Nilidhani nimesikia vibaya, nikangoja aseme kitu kingine, mtu mwingine, nchi nyingine. Akaendelea, "Msichana anasema, 'Nitamwambia ukweli.'"

Hayo ni maneno yangu. Niliyasema kituoni miaka mitatu iliyopita, na niliyarudia mara moja tu, kwa mtu mmoja tu, dukani, mvua ikinyesha.

Ningeweza kuuzima muziki. Kidole kilikuwa juu yake. Hapo ndipo mvua ilipoanza juu ya bati, na nitakachokiandika sasa kinanitia aibu kuliko vyote: niliongeza sauti. Mkono ulifanya peke yake, kama unavyofanya kila Jumapili, kwa sababu kipande kilikuwa kizuri na mvua ilitaka kukimeza. Nikamsaidia. Nikiwa nimewapa mgongo, nikamsaidia kunivua nguo mbele za watu mpaka mwisho wa tuni.

Edith alikuwa analia. Nilisikia anapenga. Tuntufye akanogewa, akamfuata msichana mpaka nyumbani, akamkuta mama yake na vyungu vya pombe. "Akashindwa," akasema. "Akamwambia mama yake amefukuzwa kwa sababu ya vidonda vya tumbo."

Edith akaacha kulia.

"Vidonda vya tumbo?" akasema.

Edith ni jirani yetu, ni wa jumuiya yetu. Niliporudi kutoka kwa masista, yeye ndiye aliyeniletea juisi ya kabichi kila asubuhi, mwezi mzima, kabla hajafungua cherehani yake, kwa sababu alisikia inatibu vidonda. Niliinywa yote mbele yake na kusema asante.

"Redempta," akasema nyuma yangu. "Geuka."

Nikageuka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiona meza ile katikati ya mchezo. Tuntufye alikuwa ameshika daftari lake, uso unang'aa bado. Tito anatuangalia mmoja mmoja, haelewi.

"Ile juisi uliinywa ya nini?"

"Edith..."

"Mwezi mzima! Nilikuwa naamka saa kumi na moja kusaga makabichi, na wewe mzima!"

"Sikutaja jina la mtu," akasema Tuntufye. "Ni mchezo tu, jamani."

Nimeacha spika yangu pale. Nimetembea na mvua mpaka nyumbani. Mama ameniuliza mbona nimelowa, nikasema mwavuli umevunjika. Mwavuli nilikuwa nao mkononi.

Jumatatu, 24 Februari

Naumwa tumbo. Kweli safari hii.

Jumanne, 25 Februari

Tuntufye alikuja dukani na mfuko wa maandazi na spika yangu. Nilimwacha asimame.

"Dada Redempta, nisikilize. Kwetu binti akirudi nyumbani hajatenda kosa. Sikuona aibu iko wapi, naapa. Niliona hadithi nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia."

"Ilikuwa yangu."

"Nilidhani ukisikia watu wanavyomlilia yule msichana, utapona. Utajua hawakuhukumu."

"Ukanituma nikutafutie na muziki wake. Wiki nzima, Tuntufye. Ukanisifu."

"Kwa sababu hakuna mwingine ambaye angeweza."

Na alikuwa anamaanisha, hilo ndilo lililonitia wazimu. Aliendelea kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa hata pale, mbele ya mashine ya kopi.

"Mimi si ng'ombe, kaka Tuntufye," nikamwambia, "unichome sindano kwa nyuma useme ni kwa faida yangu."

Mteja akaingia. Tuntufye akaacha maandazi juu ya kaunta, akaondoka. Maandazi nikampa mteja.

Alhamisi, 27 Februari

Nimepita kwa Edith. Cherehani ilikuwa inalia, hakuinua macho. Nimesimama mlangoni kwa muda wa mshono mmoja mrefu, nikaondoka.

Jumamosi, 1 Machi

Jumuiya leo ilikuwa kwa akina Edith. Sikwenda, nilisema nina kazi. Nilikaa jikoni nikiwasikiliza kwa mbali wanaimba, kisha wakaacha kuimba, na nikajua hawajaanza kusali.

Mama alirudi saa nne. Hakuvua kitenge cha mabegani. Akaketi kwenye kigoda, akavuta ungo wa maharage yaliyonusurika na mawe, akaanza kuyatoa maganda.

"Walikufukuza?"

"Hapana, Mama."

"Ulikuwa unaumwa?"

"Hapana."

Akatoa maganda. Nikaanza kueleza, nikasema kuhusu wageni, kuhusu pombe, kuhusu jinsi alivyokuwa amefurahi. Aliniacha niseme mpaka maneno yakaniishia.

"Edith kasema mbele ya watu," akasema. "Alidhani najua. Alidhani mimi na wewe tulipanga pamoja." Akafuta mikono. "Kwani mimi nilikosa nini, hata ukamwambia yule bwana wa ng'ombe kabla yangu?"

Nina hasira na Edith kwa sababu ya mdomo wake, na nina hasira na Tuntufye hadi meno yananiuma, na hakuna hata moja kati ya hizo hasira iliyonisaidia kumjibu Mama.

"Nilimnyima yule mama Milele amina," akasema baadaye, kwa ungo zaidi kuliko kwangu. "Kwenye mlango wa kanisa."

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Kanisani Mama alijipanga mstari mwingine, si wangu.

Jumapili, 9 Machi

Tito alipita nyumbani, mkono mfukoni, anaona haya. "Mambo, dada. Leo tumecheza bila wewe. Tumesikia bati tu. Jamaa kauza mechi, hilo nakubali, lakini rudi, basi. Pale pamepoa." Ni mtu mwema Tito. Nilimwambia nitafikiria, na wote wawili tulijua sitarudi.

Jioni ukaja ujumbe wa Tuntufye. Nilidhani ni pole nyingine. "Habari, dada. Samahani kwa usumbufu. Kile kinanda cha mtu anayeondoka, naomba unitumie tena, simu yangu imekifuta. Yule msichana bado yumo kwenye hadithi."

Nimeusoma mara tatu kutafuta mahali palipo na haya. Hamna. Yumo bado kwenye hadithi! Kumbe hata baada ya yote, kwake mimi ni mtu anayehitaji muziki.

Nimemjibu, "Imba mwenyewe." Kisha nikazifuta rekodi zote nane, hata ile ya ndege.

Jumatano, 12 Machi

Mama anapeta ulezi wa mwaka jana. Nilimuuliza wa nini. Akaendelea kupeta.

Jumamosi, 15 Machi

Alfajiri Mama alivaa gauni lake la Pasaka, akajitwika debe la ulezi, akasema anakwenda Kaengesa kwa masista. Nikasema nitakwenda naye. Akasema, "Hapana," akafunga mlango wa nje taratibu kama mtu anayeacha mgonjwa amelala.

Mchana kutwa nilikuwa naona anavyonyoosha mkono, na Sista Kalista anavyompita. Nilitamani iwe hivyo. Ingekuwa haki, na ningekuwa na mtu wa kugawana naye lawama. Nilifua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Alirudi saa kumi na moja, debe tupu, ameloa magoti. Nilimpokea debe. Aliketi, akanywa maji kikombe kizima, halafu akaniambia.

"Sista alinipokea vizuri. Alinipa chai. Nilimwomba msamaha, akasema nisipige magoti, sakafu ni mbichi. Nikamuuliza kama alijua umesema nini juu yake. Akasema alijua tangu siku ya kwanza nilipomnyima salamu."

"Alijua?"

"Miaka mitatu. Nikamuuliza, sasa Sista, kwa nini hukuniambia, nikaacha kukuchukia? Akasema, 'Redempta aliniahidi kituoni kwamba atakuambia mwenyewe. Nilikuwa namngoja.'"

Nilikaa chini palepale, na debe mapajani. Wiki tatu nimekuwa nikijihurumia kwamba nilimwamini mtu akanigeuka. Na kumbe muda wote alikuwapo mtu aliyeitunza siri yangu. Niliyemsingizia mimi mwenyewe ndiye aliyeitunza, akala matusi ya mama yangu kimyakimya kila mwaka, ili mimi nipate nafasi ya kuwa mtu wa kweli. Nililia kwa sauti. Mama alinitazama bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Ilinichukua muda kugundua kingine. Mimi na Mama tangu nijue kusema tunaongea Kifipa. Kiswahili chake ni cha hospitali, cha mwenyekiti wa mtaa, cha wageni. Habari yote hii ya Sista Kalista, kuanzia chai hadi kituoni, alikuwa ameniambia kwa Kiswahili, pole pole, kila neno limenyooka.

Nikamwambia kwa Kifipa kwamba nimemkosea.

"Asante, Redempta," akasema. "Nimesikia." Kwa Kiswahili. Akainuka kwenda kufungia kuku.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua imepungua. Asubuhi nilimwamkia Mama kwa Kifipa, kama siku zote.

"Marahaba," akaniitikia. "Umeamkaje? Chai iko mezani, karibu."